Barua ya wazi kwa wasimamizi wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili: waasisi wapimwe kwa kipimo walichokiandika wenyewe

Kwa Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya elimu, Bara na Zanzibar. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa Baraza la Mitihani.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari. Kwa mtaala wa 2023 mmetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena mkataka lifundishwe kwa Kiswahili, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Mtoto akisoma habari za nchi yake kwa lugha anayoiota, huuliza maswali ambayo kwa Kiingereza angeyameza. Shida yangu imeanzia hapo hapo kwenye maswali. Mkishaziweka historia na maadili kwenye jalada moja, hakuna namna ya kumzuia mwanafunzi kuuliza: hawa waasisi wetu nao walikuwa na maadili gani?

Jibu tunalopeana kwenye semina na kwenye vyumba vya walimu linafahamika. Usiwahukumu wazee wa 1962 kwa macho ya leo. Zama zilikuwa nyingine, dunia ilikuwa nyingine, nchi ilikuwa changa. Ni jibu lenye adabu na linafunga mjadala haraka, kipindi kinaisha salama. Naandika kuwaambia kwamba kwa sehemu kubwa jibu hilo si la kweli. Macho tunayoyaita ya leo yalikuwepo siku hizo hizo. Walikuwa nayo wenzao, na mara nyingi walikuwa nayo wao wenyewe, wakayaweka kwa maandishi.

Tuanze na mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilimshtaki Mwalimu Nyerere kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, katika gazeti la chama chake, Sauti ya TANU. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, hadharani, akitetewa na wakili D. N. Pritt aliyetoka Uingereza. Mashahidi wa Serikali walihojiwa mbele ya umma. Mwalimu alitiwa hatiani, akatakiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita, akalipa. Hatuhitaji kuwasifu wakoloni kwa hilo, walikuwa na sheria zao za kuwahamisha watu wasiowataka. Ninachosema ni kwamba Mwalimu alijua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kushtakiwa kwa kosa linalotajwa, mbele ya hakimu, ukiwa na mtu wa kukusemea.

Miaka minne baadaye, mwaka 1962, Bunge la Tanganyika huru lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Kwa sheria hiyo Rais angeweza kumfungia mtu bila mashtaka, na amri yake isingehojiwa na mahakama yoyote. Hapa ndipo tunapoambiwa tuielewe hali ya wakati ule: wanajeshi waliasi, marais wa Afrika walikuwa wanauawa. Naielewa. Ila tupange tarehe kama tunavyowafundisha watoto kuzipanga. Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa Januari 1963. Maasi ya kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, yalitokea Januari 1964. Sheria ilikwisha kuwepo. Maasi yanaweza kueleza kwa nini ilitumika namna ilivyotumika baadaye. Hayawezi kueleza kwa nini ilitungwa. Ghana ilikuwa nayo ya kwake tangu 1958, sisi tukafuata, na huko Dkt. J. B. Danquah, mmoja wa waliopigania uhuru wa nchi hiyo, alifia kizuizini mwaka 1965.

Wala tusijidanganye kwamba nchi nzima ilinyamaza. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alikuwa balozi wetu London. Mwaka huo huo wa 1962 alijiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Mwaka 1964 akawekwa ndani. Miaka 30 baada ya sheria kupitishwa, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipoorodhesha sheria 40 kandamizi, hiyo ilikuwa miongoni mwao. Watu husema tume ile ilileta mawazo mapya ya vyama vingi. Kwa Tumbo hayakuwa mapya hata kidogo.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Darasani kwangu tunasoma mwanzo wa Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, ule ukurasa wa imani ya TANU. Tunausoma polepole. Kwamba binadamu wote ni sawa. Kwamba kila mtu anastahili heshima. Na zaidi chini, kwamba raia ana haki ya kutoa mawazo yake, kwenda anakotaka, kuamini dini anayoitaka na kukutana na watu, mradi havunji sheria. Azimio ni la Februari 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu aliandika kijitabu juu ya uhuru na maendeleo, akaeleza bila kuzungusha maneno kwamba mtu haendelezwi na mwenzake, hujiendeleza mwenyewe, na kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha. Watu waingie wakiwa wameelewa na wamekubali.

Novemba 1973 yeye yeye alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Tangu hapo mpaka 1976 mamilioni ya watu walihamishwa kwa Operesheni Vijiji. Kuna waliohamia kwa hiari wakapata shule na zahanati, wapo hai na watawaambia. Kuna pia waliopakiwa kwenye malori na mgambo, mashamba yakiwa na mazao, na mahali pengine nyumba zilichomwa au kubomolewa ili wenyewe wasirudi. Mwanafunzi akiwa na karatasi mbili mezani, ya 1968 na habari za 1973, hahitaji maadili ya karne hii wala mkataba wowote wa kigeni. Anauliza tu: huyu aliyeandika hapa, na huyu aliyeamuru hapa, walikutana?

Hilo ni swali la historia, waheshimiwa. Ndilo swali bora la historia nililowahi kuulizwa, na kwenye mitihani yetu halina mahali pa kukaa. Mwanafunzi anaombwa ataje mafanikio kwa hoja sita, au ataje matatizo kwa hoja sita. Anazikariri, anazitapika, anapata alama, anasahau. Hakuna anapotakiwa kuonyesha mtu mwenye akili na nia njema akifika mahali anaivunja kauli yake mwenyewe, na kwa nini.

Mfano wa Ismani, mkoani Iringa, nao ungefaa sana. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kikamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Kwa nini chama kilihisi haja ya kuandika hivyo, kama uonevu wakati ule ulikuwa ni jambo la kawaida lisilomuudhi mtu? Siku ya Krismasi mwaka huo huo Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, alifika shambani kwa mkulima Said Mwamwindi katika harakati za kusukuma mashamba ya ujamaa. Wakagombana. Mwamwindi akampiga risasi, akamuua, kisha akaupeleka mwili polisi mwenyewe na kujisalimisha. Alishtakiwa na kunyongwa. Simtetei muuaji, na Klerruu naye alikuwa na watu wake waliomlilia. Ninasema kwamba mtu anayetaka kujua wakulima wa wakati ule walionaje asihangaike kukisia.

Mwaka jana msichana wa kidato cha pili alinisimamisha katikati ya kipindi. Tulikuwa tunazungumzia wanawake katika kupigania uhuru, nikawa nimefika kwa Bibi Titi Mohamed: namna alivyowakusanya wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma, namna alivyosimama jukwaani kabla wasomi wengi hawajathubutu. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu anasema Bibi Titi alifungwa na Serikali yetu, siyo ya Waingereza. Kama alikuwa haini, mbona barabara ina jina lake? Na kama hakuwa haini, mbona alifungwa?"

Darasa lote lilinigeukia. Kwenye muhtasari sikuwa na kitu cha kumpa, nikampa ninachokijua. Kwamba Bibi Titi, mwasisi kama waasisi wengine, hakukubaliana na sehemu za Azimio la Arusha, hasa ile ya kuwazuia viongozi kupangisha nyumba. Kwamba alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970 pamoja na wengine, Oscar Kambona, waziri wa zamani, akitajwa wa kwanza ilhali yuko Uingereza. Kwamba kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Telford Georges, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa huru. Kwamba baadaye Taifa likampa barabara. Nikawaambia waandike ukurasa mmoja: je, unaweza kuamini kwamba mahakama ilifanya kazi yake na bado ukaona kwamba nchi ilimkosea mwanamke huyu? Walibishana mpaka kengele ikalia, na wawili walikuja ofisini mchana kuendelea. Sijawahi kufuatwa ofisini kwa hoja sita za mafanikio.

Upande wa Zanzibar mambo ni mazito zaidi na kimya ni kikubwa zaidi. Mzee Karume aliwapa wakulima eka tatu tatu, akafanya elimu kuwa bure miezi michache baada ya Mapinduzi, akajenga majumba ya Michenzani ambayo watu wanaishi mpaka leo. Hayo yanafundishwa, na yafundishwe. Lakini Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Na mwaka uliotangulia, Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa na Serikali ya Muungano kwa Serikali ya Zanzibar, wakauawa bila kesi ya hadhara. Hanga alikuwa mmoja wa wakubwa wa Serikali iliyoundwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Naye ni mwasisi.

Atakayesema kwamba ndoa ya kulazimishwa ilikuwa desturi ya enzi hizo, naomba asome Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilipitishwa na Bunge la Jamhuri hii miezi michache tu baada ya mkasa ule, kwa ajili ya Bara, na inasema hakuna ndoa bila ridhaa ya hiari ya wote wawili. Kwa hiyo kipimo kilikuwepo, tena Dar es Salaam.

Sheria hiyo hiyo lakini inanifundisha na upande wa pili, na ni haki niuseme. Ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho kinavunja Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Hapa ndipo ninapokubali kwamba macho yamebadilika. Watunga sheria wa 1971 walidhani wanapiga hatua kubwa mbele, na kwa wakati wao walipiga. Sitamwita mtu wa 1971 mnyanyasaji wa watoto kwa sababu alipiga kura ya ndiyo. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia mwanafunzi atofautishe: lipi ambalo watu wa wakati ule walikuwa bado hawajaliona, na lipi walilokuwa wameliona, wakaambiwa, wakaliandika, kisha wakalipita. Ukisema "zama zao" kwa yote mawili, umewafanya wale waliopinga kuwa watu wasiowahi kuishi.

Ubishi huu si wetu peke yetu. Wamarekani wanauvuta kila mwaka juu ya Thomas Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku akimiliki watumwa. Watetezi wake husema ndivyo dunia ilivyokuwa. Lakini Wakristo wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kupinga utumwa mwaka 1688, zaidi ya miaka 50 kabla Jefferson hajazaliwa, na yeye mwenyewe katika rasimu ya Tamko la Uhuru aliilaani biashara ya watumwa kwa ukali, kifungu ambacho wenzake walikifuta. Na watumwa wenyewe hawakuwahi kuhitaji karne ya 21 iwaambie kwamba wanaonewa. Tunapenda kuwaonyesha Wamarekani kidole kwa hilo. Sawa.

Kuna jambo lingine linalonikera katika kauli ya "macho ya leo": tunaitumia kwa upande mmoja tu. Oktoba 1961, wakati wa mjadala wa sheria ya uraia, wapo wawakilishi waliotaka uraia uwe wa Waafrika weusi. Mwalimu alisimama akakataa kata kata, akawafananisha na Hitler, akaweka uongozi wake rehani kwa ajili ya haki ya Muasia na Mzungu aliyezaliwa hapa. Ule ulikuwa msimamo wenye gharama, kwa kuwa wapiga kura wengi wasingemlaumu kama angeachia. Tunamsifu kwa hilo, na tunamsifu kwa macho ya leo bila kuomba radhi. Basi kama macho ya leo yanafaa kwa sifa, yanapataje ukungu ikifika lawama?

Au chukueni Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia sehemu ya mishahara yao itakayokatwa. Mwalimu alikasirika mbele yao. Akawafukuza karibu 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nimewahi kuwapa wanafunzi tukio hilo bila kuwaambia walifikirie vipi. Nusu wanaona ukali wa baba asiyevumilia kujibiwa. Nusu wanaona kiongozi ambaye leo hayupo. Wote wana ushahidi wa kutosha, na mimi sioni haja ya kuwapatanisha.

Hilo la mshahara linanileta kwenye sababu inayonifanya nidhani kwamba woga wetu hauhusiani na heshima kwa wazee. Vipimo vya leo siyo vikali kila mahali kuliko vya kwao. Azimio la Arusha lilimpiga kiongozi marufuku kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa nchi nzima kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Tukiruhusu watoto wapime kwa uwazi, watawapima waasisi kwa kizuizi na kwa Operesheni Vijiji, kisha watageuza kipimo kile kile na kutuelekezea sisi, mimi na nyinyi mkiwemo. Nashuku wapo wanaoliona hilo mbali, ndiyo maana wanaona afadhali kipimo kibaki kabatini.

Mwalimu mwenyewe hakuwa na woga huo. Alipokaribia kung'atuka alikiri hadharani kwamba angeanza upya asingefuta serikali za mitaa, zilizofutwa 1972, wala asingevunja vyama vya ushirika, vilivyovunjwa 1976. Aliwahi pia kukiri kwamba Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta kama angetaka. Kanisa Katoliki nalo, ambalo linampa jina la Mtumishi wa Mungu tangu Jimbo la Musoma lianzishe mchakato wake, haliwezi kumfikisha mtu kwenye utakatifu bila kukusanya ushahidi wa kila upande, pamoja na wa wenye malalamiko. Mtu ambaye Kanisa linamchunguza kabla ya kumtangaza mtakatifu, shule za Serikali zinamkubali bila kumsoma.

Ninachoomba kinawezekana ndani ya mtaala huu huu, bila kuongeza somo wala kitabu kikubwa. Walimu tupatiwe nyaraka zenyewe katika Kiswahili: Sheria ya 1962, ukurasa wa imani ya TANU, kijitabu cha 1968, Mwongozo wa 1971, hukumu ya kesi ya uhaini, taarifa ya Tume ya Nyalali. Nyingi ya hizi zimo maktaba za vyuo vikuu, kwa lugha na bei ambayo shule ya kata haiwezi kuigusa. Wazee waliohamishwa na Operesheni Vijiji waandikwe sasa, kwa kuwa aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1974 amevuka 80. Wenzetu wa Zanzibar wapewe ulinzi wa kulifundisha la 1970 bila mwalimu kuitwa kujieleza, maana mwalimu mmoja wa kule ninayemfahamu aligusia kidogo tu akaonywa na mkubwa wake, na hajarudia.

Na kwa Baraza la Mitihani, naomba swali moja tu, kwenye karatasi moja, mwaka wowote mtakaoona unafaa. Mwekeeni mtahiniwa sehemu ya imani ya TANU ya 1967 na kifungu cha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, kisha mwulizeni kama mtu mmoja anaweza kuviamini vyote viwili, na mtake atetee jibu lake kwa tukio moja analolijua. Mwongozo wa usahihishaji usiwe na jibu la ndiyo wala hapana; alama ziende kwa ushahidi. Mkihitaji wasahihishaji, niandikeni wa kwanza.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Historia, sekondari ya kata